Marehemu Aliapa Mbele Yangu: Sehemu ya Sita

Wiki iliyopita nilikuacha, msomaji, pale makaburini Chimala, jembe la mchimbaji limegota kwenye kitu kisicho udongo na mama Mwantumu amepiga ukunga. Wengi mmepiga simu gazetini kuuliza kilikuwa nini. Nitasema. Ila kwa aliyelishika gazeti hili leo kwa mara ya kwanza, nirudi nyuma kidogo, asije akanihurumia bure.

Naitwa Apolonia Kikoti. Mzaliwa wa Iringa, wakili, ofisi yangu Mbeya mjini juu ya duka la pembejeo. Wenzangu wanatetea wezi na wanandoa. Mimi kazi yangu ilikuwa ardhi, tena upande mmoja tu wa mambo ya ardhi: kubadili matumizi. Una kiwanja cha makazi unataka kujenga gesti, unakuja kwangu. Shamba lako limemezwa na mji, unakuja kwangu. Natafuta mchoro, naandika maombi, nabandika tangazo, nasubiri pingamizi, nalijibu. Kazi ya karatasi. Nilidhani karatasi haiui mtu.

Bwana Liberatus Ngailo, mwenye mashine za kukoboa mpunga, alinipa kazi ya kubadili makaburi ya zamani ya Chimala yawe eneo la biashara, ajenge ghala. Watu wote wakanyamaza. Mama Mwantumu peke yake, muuza vitumbua ambaye mwanawe amelala pale, akaweka pingamizi.

Kulivunja pingamizi lile nilihitaji kiapo cha Filemoni Mwasote, afisa mipango miji aliyelikagua eneo. Alhamisi ya tarehe kumi na nne Machi, Liberatus akaniletea kiapo hicho kimeshasainiwa. Filemoni mwenyewe hakuwepo.

"Yuko safarini, wakili wangu. Sahihi ni yake. Gonga tu."

Nikagonga muhuri wangu chini ya maneno haya: Ameapa na kusaini mbele yangu, hapa Mbeya.

Hakuapa mbele yangu. Sikumtia machoni siku ile. Huo ndio uongo wangu wa kwanza, na nilishauungama hapa hapa wiki tatu zilizopita. Leo naungama wa pili. Huu wa pili ndio unaoninyima usingizi.

*

Turudi makaburini. Ilikuwa mwanzo wa Juni, asubuhi ya baridi, pumzi za wachimbaji zinatoka kama moshi.

Kwa mchoro wa Liberatus, makaburi ya upande wa juu tu ndiyo yangehamishwa. Upande wa chini usingeguswa. Ungemwagiwa kifusi, kisha zege, malori yaegeshe. Lakini baraza la ardhi, pamoja na kulitupa pingamizi la mama Mwantumu, lilimpa jambo moja dogo: kaburi la mwanawe, lililoko upande wa chini, lifukuliwe mbele ya macho yake na mwili ukazikwe upya kwa taratibu za dini yake.

Nilipompelekea Liberatus amri ile alinikazia macho.

"Kwa nini hukupinga?"

"Ni kaburi moja tu, bosi. Tumeshinda."

"Ningekuwa mimi ningepinga," alisema, akaondoka bila kuaga.

Sikuwaza kitu. Matajiri wana visirani vyao.

Basi wachimbaji wakaanza. Walikuwa hawajafika hata kiunoni, tena kando kidogo ya kaburi lenyewe, jembe likagota. Mchimbaji akainama, akafuta udongo kwa kiganja. Likaonekana turubai la bluu, yale ya kuanikia mpunga, limefungwa kwa kamba ya manila mafundo matatu.

Ndipo mama Mwantumu alipopiga ukunga. Kisha akanyamaza, akasogea, akachungulia.

"Mwanangu nilimzika kwa sanda nyeupe," alisema. "Huyu kazikwa na nani?"

Shehe aliyekuja kusimamia akafunika pua kwa ncha ya kilemba.

Polisi walifika kabla ya adhuhuri. Mpelelezi wao aliitwa Lusekelo, mtu mrefu, mpole, anayesema kama mwalimu wa shule ya msingi.

"Orodha ya makaburi aliithibitisha nani?"

"Mimi, afande."

"Umeandika mangapi?"

"Arobaini na moja."

"Sasa yamekuwa arobaini na mawili, wakili." Akaandika kwenye daftari lake. Hakuniuliza tena kitu siku ile, na hilo ndilo lililonitia hofu.

Nikiwa narudi Mbeya simu ikaita. Liberatus.

"Nasikia wameokota mtu."

"Ndiyo, bosi."

"Atakuwa wa zamani huyo. Watu huzikana hovyo."

"Turubai bado lina rangi, bosi. Si wa zamani."

Nilisikia mashine zake zikikoboa nyuma yake.

"Wakili wangu," alisema hatimaye, kwa sauti ya upole kabisa, "mimi na wewe tuko kwenye faili moja. Usisahau."

*

Siku ya pili yake nilikuwa ofisini, nimefunga mlango kana kwamba kufunga kungesaidia. Ukabishwa hodi. Akaingia mwanamke wa makamo, kitenge kimefungwa juu ya sketi, bahasha mkononi.

"Wewe ndiye wakili Apolonia?"

"Ndiye. Karibu, mama. Kaa."

Hakukaa.

"Naitwa Tusekile. Mimi mke wa Filemoni."

Msomaji, niliweka kalamu chini.

"Sijaja kugombana, dada," alisema haraka, kama aliyeona uso wangu umebadilika. "Najua wanaume wanaondoka. Nataka kujua tu alikuwaje."

"Alikuwaje vipi?"

"Alikuwa mzima? Hakuwa amekonda?" Sasa akakaa, ukingoni mwa kiti. "Maana alitoka nyumbani Jumapili, tarehe kumi, tumetoka kanisani. Hata nguo hakubadilisha. Akasema kuna mtu kamwita Chimala kuangalia mipaka, atarudi kula. Chakula nikakifunika. Jioni ukaja ujumbe kwenye simu yangu, namba yake: nimepata kazi Mgololo, usinitafute. Dada, miaka kumi na sita ya ndoa, Filemoni hajawahi kuniandikia neno usinitafute. Tumegombana mara ngapi! Hajawahi."

"Ukaripoti?"

"Nikaripoti kituo kimoja. Mara ya kwanza wakaandika. Nikarudi mara ya pili, mara ya tatu. Mara ya nne askari wa kaunta akanicheka, akasema: mama, mumeo tarehe kumi na nne alikuwa Mbeya kwa wakili, anasaini mambo yake, mzima kabisa. Kakukimbia huyo. Akanionyesha hii." Akatoa karatasi kwenye bahasha, akainyoosha mezani kwa viganja viwili. "Wakafunga jalada."

Ilikuwa nakala ya kile kiapo. Muhuri wangu pale chini, wino wa zambarau, umekolea vizuri, hata herufi moja haikufifia.

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Mungu alinipa nafasi, akaniketishia mke wa mtu mbele yangu, mlango umefungwa, hakuna shahidi. Ningesema: mama, nilidanganya, rudi kituoni, waambie wamtafute mumeo. Nilifungua mdomo kwa nia hiyo. Naapa.

Nikasikia sauti yangu ikisema:

"Alikuwa mzima."

Mabega yake yakashuka.

"Amenenepa, au?"

"Yuko vile vile."

"Alinitaja?"

Ningeweza kusema hapana. Ningeishia hapo.

"Alikutaja," nikasema.

"Alisema nini?"

"Alisema anawawaza wewe na watoto. Akijipanga atarudi."

Tusekile hakulia kwa sauti. Machozi yalimtoka tu, akayaacha yateremke. Kisha akasimama, akanishika mkono wangu wa kulia kwa mikono yake yote miwili, akapiga goti kidogo kama wanavyofanya kwao.

"Ndaga fijo, dada. Asante sana. Umenitua."

Nilimwangalia dirishani akivuka barabara. Alitembea wima. Pale kwenye genge la ng'ambo akasimama akanunua nyanya, akachagua moja moja, mtu mwenye familia ya kuilisha.

Haikupita saa moja, simu ya Lusekelo ikaingia.

"Wakili, yule mtu tumemfungua. Ana futikamba ya kupimia mfukoni imechorwa herufi F.M. Ana pete ya ndoa. Nadhani unamfahamu."

Nilichungulia genge la ng'ambo; Tusekile hakuwepo tena.

"Afisa wako wa mipango miji," akasema. "Mkewe tunampigia hapatikani. Unajua anaweza kuwa wapi?"

*

Alhamisi niliwasha gari kwenda Iringa. Nilipita Chimala bila kugeuza shingo. Makambako sikusimama. Nilikwenda moja kwa moja mpaka Mshindo, nyumbani kwa mzee Isihaka, wakili mstaafu aliyenifundisha kazi nilipotoka chuoni. Babu zake walikuja na biashara kutoka pwani, wakabaki. Kiswahili chake bado kina chumvi ya kwao.

Nilimweleza yote sebuleni kwake, tangu muhuri mpaka Tusekile. Mkewe, Bi Mwanaidi, alileta kahawa, akanitazama mara moja tu, akarudi ndani akaufunga mlango.

Mzee Isihaka alinisikiliza bila kunikatiza. Kisha akaanza kunihoji, kama zamani, nilipokuwa nikimletea hati yenye makosa.

"Muhuri uligonga wewe?"

"Ndiyo, baba."

"Na mtu hukumwona?"

"Sikumwona."

"Mkewe akakuuliza, ukamwambia umemwona."

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

"Niliogopa."

"La hasha. Kuogopa kungekufanya unyamaze. Wewe ulimtungia mwenzako maneno ya mumewe." Akaweka kikombe chini kwa kishindo, kahawa ikaruka. "Haya. Daktari anasema marehemu kafa lini?"

"Anasema amekaa ardhini wiki kumi na mbili, pengine zaidi kidogo. Siku hasa hawezi kutaja."

"Kwa hiyo siku itatoka wapi?"

"Kwenye..." Nilitazama kahawa iliyomwagika. "Kwenye karatasi yangu."

"Endelea. Liberatus alipotoka ofisini kwako ile Alhamisi alielekea wapi?"

"Dodoma. Gari lilikuwa linanguruma nje, begi nyuma. Alikaa huko wiki tatu. Alituma picha kila siku, kila mtu anajua."

"Na Jumapili ile, tarehe kumi?"

"Alikuwa Chimala."

Mzee Isihaka alisimama, akaenda dirishani, akanipa mgongo.

"Filemoni akiwa amekufa Jumapili, Liberatus ana kesi. Akiwa hai mpaka Alhamisi, Liberatus ana Dodoma nzima ya kumtolea ushahidi. Mwanangu, hukuvunja pingamizi la kikongwe wa vitumbua. Kikongwe yule hakuwa na nguvu ya kuhitaji kiapo. Ulitoa siku nne. Ndizo zilizotakiwa."

Nilishika kichwa.

"Sijamaliza," alisema. "Kama mtu huyu alikuwa hai Alhamisi mchana, katika chumba chenye milango iliyofungwa, akisaini mbele ya wakili, kisha hakuonekana tena hai, mtu wa mwisho kuwa naye ni nani?"

Siku zote zile nilikuwa naihofia leseni yangu. Kumbe kamba ilikuwa shingoni.

"Nifanye nini, baba?"

"Jumatatu unatakiwa kituoni kuandika maelezo, si ndivyo? Nitakuja Mbeya. Tutaingia pamoja, utasema kweli yote kwa mpigo mmoja, na mimi nimekaa kando yako. Leseni itakwenda. Pengine na wewe utakwenda kwa muda. Lakini shingo tutaiokoa." Akanigeukia, kidole juu. "Mpaka Jumatatu usiseme na mtu. Si Liberatus, si mjane, si padri wako. Mtu anayebadili maneno mbele ya watu bila ushahidi mkononi huonekana mwongo mara mbili. Umenisikia, Apolonia?"

"Nimesikia, baba."

*

Ijumaa jioni Liberatus alikuwa ananisubiri getini kwangu Iyunga. Amevaa sweta, ameegemea gari lake, anakula karanga.

"Iringa kwema?" aliuliza.

Sikuwa nimemwambia mtu naenda Iringa.

"Kwema, bosi."

"Mzee Isihaka bado anatembea?"

"Anatembea."

"Mungu amweke." Akanikabidhi karatasi moja iliyokunjwa. "Nimekurahisishia kazi ya Jumatatu. Soma tu."

Niliisoma pale pale, kwa mwanga wa taa ya geti. Yalikuwa maelezo, yameandikwa kwa jina langu. Kwamba Alhamisi tarehe kumi na nne Machi, saa nane mchana, ndugu Filemoni Mwasote alifika ofisini kwangu akiwa peke yake. Kwamba alisoma kiapo, akaapa, akasaini. Kwamba alikaa nusu saa. Kwamba aliniambia ana ugomvi na wafugaji wa upande wa Rujewa kuhusu mipaka, na anahofia maisha yake.

"Wafugaji gani hawa?" niliuliza.

"Polisi watawatafuta. Ndiyo kazi yao."

"Na nikikataa?"

Alipukuta maganda ya karanga kwenye viganja, taratibu.

"Usikatae. Ukikataa na mimi itabidi niseme ninavyokumbuka. Ninakumbuka nilimleta Filemoni kwako kwa gari langu, nikamwacha mezani kwako, nikaenda zangu Dodoma. Sisi wawili tu tunajua ya siku ile, wakili wangu. Mmoja ana picha za Dodoma. Mwingine ana muhuri."

Akaingia kwenye gari. Kabla hajafunga kioo akasema, "Kesho tutaonana msibani."

"Msiba upi?"

"Si wa Filemoni? Tunamzika Kiwira, kwao. Hukuambiwa?"

Sikuwa nimeambiwa. Lakini nilikuwa sijafika hata sebuleni, simu ikaita. Namba siijui.

"Dada wakili." Sauti ilikuwa imekauka. "Tusekile hapa."

"Pole, mama Tusekile. Pole sana. Sina la kusema."

"Unalo," alisema. "Ndiyo maana napiga. Kesho tunamzika. Mama yake hajala tangu Jumatano, hata maji tunamlazimisha. Nimemwambia yupo mtu aliyeongea na Filemoni siku za mwisho, na alitutaja. Ameinuka kitandani, dada. Anasema akisikia kwa masikio yake mwanawe alisema nini, atakula. Ukoo wamekupangia dakika zako, baada ya mchungaji. Utakuja?"

Nilimsikia mzee Isihaka: usiseme na mtu. Nilimsikia Liberatus: usikatae. Na nyuma ya simu nilisikia wanawake wakiimba wimbo wa kanisa kwa Kinyakyusa, chini chini, wamechoka.

"Nitakuja," nikasema.

*

Kiwira kulikuwa na ukungu, na manyunyu yale yasiyoisha. Jeneza lilikuwa uani, mbele ya migomba, kaburi limeshachimbwa kando ya la baba yake. Watu walijaa mpaka barabarani. Filemoni alikuwa mtu wa watu. Nilisikia mmoja akimwambia mwenzake, "Huyu ndiye aliyekataa kusaini hata kiwanja cha shemeji yake." Mwenzake akajibu, "Na ndicho kilichomponza."

Nilitaka kukaa nyuma. Tusekile akaniona, akanifuata, akanishika mkono mbele ya watu wote, akanipeleka mpaka benchi la mbele, karibu na mama mkwe wake.

Bibi yule alikuwa mdogo kama mtoto wa darasa la tatu, amefunikwa mablanketi mawili. Akaninyooshea mkono. Ulikuwa wa baridi.

"Ndiye?" alimuuliza mkwewe.

"Ndiye, mama."

"Akae hapa hapa kwangu, sikio langu moja halisikii."

Nikakaa. Ndipo nikainua macho, nikamwona Liberatus. Alikuwa upande wa pili wa jeneza, kwenye viti vya heshima, kando ya mchungaji, suti nyeusi. Baadaye nilisikia ndiye aliyeleta jeneza, na gari la kubebea maiti, na wapishi. Wanaukoo walikuwa wakipita kumshika mkono, wanainama. Alinitikisia kichwa kidogo, kama mtu anayemtia moyo mtoto anayekwenda kusoma mbele ya darasa.

Mchungaji akahubiri. Akamaliza. Msemaji wa ukoo akashika kipaza sauti.

"Ndugu waombolezaji, tunaye dada yetu wakili. Yeye ndiye Mungu aliyemjalia kuongea na ndugu yetu siku za mwisho. Tumpe utulivu."

Nilisimama na yale maelezo ya Liberatus ndani ya mkoba wangu. Sijui kwa nini nilikuwa nayo. Labda sehemu yangu moja ilikuwa imeshakubali kuyasoma. Nilikuwa nimejipanga kusema maneno mawili ya pole, yasiyo na maana, nikae, nisubiri Jumatatu.

Nikamtazama yule bibi. Alikuwa amevua kilemba upande mmoja ili sikio liwe wazi.

"Naitwa Apolonia Kikoti," nilisema, na kipaza sauti kikalia mpaka migombani. "Mimi ni wakili. Mama, naomba unisamehe. Filemoni hakufika ofisini kwangu. Sikumwona. Alhamisi ile aliposemekana yuko kwangu, nadhani alikuwa ameshakufa. Niligonga muhuri kwenye karatasi iliyoletwa na mtu mwingine."

Hata manyunyu yalisikika juu ya jeneza.

Tusekile alisimama taratibu.

"Unasema nini, dada?"

"Nilikudanganya. Hakukutaja. Sikumwona."

"Juzi uliniambia ananiwaza. Uliniambia." Alikuwa ananitazama kama mtu anayesoma barua kwa lugha asiyoijua.

"Nilidanganya, Tusekile."

"Karatasi nani aliileta?" sauti ya kiume ikapaazwa kutoka nyuma. "Mtaje!"

Nikainua mkono kuonyesha. Nilichelewa. Liberatus alikuwa ameshasimama, ameshazunguka jeneza, ameshanipokonya kipaza sauti kwa adabu kabisa, kama mtu anayempokea mgonjwa kikombe.

"Nitajitaja mwenyewe, ndugu zangu," alisema. Machozi yalikuwa yanamtoka, machozi ya kweli. "Nilitaka tuzike kwanza, haya tuyaseme baadaye. Alhamisi ile mimi ndiye niliyempeleka Filemoni kwa huyu dada. Kwa mkono wangu. Nikamwacha pale mzima. Sahihi yake ipo, muhuri wa huyu upo. Tusekile, mwanangu, wiki hii alikuambia nini ofisini kwake?"

Tusekile alinitazama mimi, kisha jeneza.

"Sema tu ukweli, mwanangu."

"Alisema alikuwa mzima," Tusekile akasema polepole. "Alisema waliongea."

"Na leo, baada ya maiti kupatikana, ndiyo anasema hakumwona." Liberatus akageukia umati. "Mimi sijui sheria. Nauliza tu kama mtu wa kijijini. Anaogopa nini?"

Kaka zake Filemoni wawili waliokuwa wameshika makoleo waliyaacha yaanguke, wakaanza kuja. Wanawake wakavuta watoto nyuma. Kule mwisho wa uwanja, karibu na mgomba wa mwisho, nilimwona Lusekelo, koti limelowa, anapenya katikati ya mabenchi kuja mbele. Macho yake yalikuwa yametulia, lakini sikuweza kuona yametulia kwa nani, kwangu au kwa Liberatus.

Nilirudi hatua moja nyuma. Kitu kikanizuia, kimeshika gauni langu. Ulikuwa mkono wa yule bibi.

Hakuwa amesikia hata neno moja. Spika ilikuwa upande wa sikio lake bovu, akasikia mvumo tu.

"Mbona wamekukatiza, mwanangu?" aliniuliza, ananivuta niiname, uso wake umejaa matumaini. "Nisemee hapa. Alisema nini?"